Samaki Uliyemvua Mwenyewe: Pima Kinacholiwa

Samaki wa kopo huja na maelezo yake ubavuni: protini kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. Perege uliyemtoa bwawani asubuhi, huko Rungwe au Mufindi, huja na magamba tu. Ukitaka kujua familia imepata nini kwake, itabidi umpime wewe. Unahitaji mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, daftari, na uangalifu mahali pamoja ambapo wengi hukosea.

Kosa lenyewe ni hili. Mtu amevua perege wa gramu 300. Amesikia kwamba gramu 100 za perege zina protini kama gramu 20, basi anaandika 60 na kufunga daftari. Lakini hiyo 20 ni ya mnofu mbichi. Magamba, matumbo, kichwa na miiba havimo.

Fanya hivi. Mparue magamba, mtoe matumbo, kisha mpime kabla hajaingia chunguni. Tuseme amebaki gramu 240. Mkishamaliza kula, kusanya miiba na kichwa kilichofyonzwa, upime tena. Kama mabaki ni gramu 120, mmekula mnofu wa gramu 120 hivi, yaani protini gramu 24. Kuna upungufu mdogo, kwa kuwa hata miiba hupoteza maji jikoni, ila kwa matumizi ya nyumbani hesabu hii inatosha. Usichanganye tu vipimo: samaki aliyepikwa amepungua maji, kwa hiyo gramu 100 zake zina protini nyingi kuliko gramu 100 mbichi. Uzito mbichi uende na takwimu za mbichi.

Takwimu zipo. Mwaka 2008 yalichapishwa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Afisa lishe wa wilaya anaweza kukusaidia kuyasoma. Yachukue kama makadirio, hasa upande wa mafuta. Protini ya samaki haiyumbi sana, lakini mafuta hupanda na kushuka kwa msimu, umri na chakula. Kambale wa bwawani anayeshiba kila siku hatalingana na mwenzake wa mtoni.

Ukikaanga, pima mafuta ya kupikia kabla na baada. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kilokalori kama 120, na ule mnofu wetu wa gramu 120 una kama 115. Kijiko kimoja tu kikiingia kwenye samaki, nguvu ya mlo imeongezeka maradufu, na sifa zote anapewa perege!

Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wana hesabu yao. Usipa mbichi ni maji kwa takribani robo tatu, kwa hiyo kilo nne zikikaushwa vizuri hubaki zaidi kidogo ya kilo moja. Andika kila mara "wabichi" au "wakavu", la sivyo daftari lako halitakufaa. Waliokaushwa Matema juu ya vichanja hupimika sawasawa. Walioanikwa chini hubeba mchanga, nawe utakuwa unapima ufuko. Jambo jingine: usipa huliwa mzima, na kalsiamu yake imo mifupani na kichwani. Kama nyumbani kwenu mna desturi ya kuwakata vichwa, pima baada ya kukata na uandike hivyo.

Mimi huongeza safu moja ambayo wavuvi wengi huiona ya ajabu: nani kala. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022, Iringa ilikuwa na udumavu kwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, na Njombe na Rukwa zilikuwa na takribani nusu, mikoa hiyo hiyo inayolisha nchi mahindi. Bwawa linaweza kujaa samaki na mtoto asiambulie. Gawa mnofu sahanini kwanza, toa miiba, upime fungu la mtoto peke yake kabla ya ugali. Usipa wakavu waliotwangwa hadi unga wapime kwa kijiko kile kile kila siku unapowatia kwenye uji wake. Na kama alichopata ni mchuzi mtupu, usimwandikie protini ya mnofu.