Kuandika bango la duka kwa Cooper Black, Lubumbashi

Herufi nene zilizovimba kama maandazi, zisizo na kona hata moja kali, huenda ni za fonti (mtindo wa herufi) iitwayo Cooper Black. Ilichorwa na Oswald Cooper huko Chicago, ikatoka mwaka 1922, na leo imo katika kompyuta nyingi zenye Word. Inafaa saluni, duka la mikate, mgahawa, chekechea. Kwa muuza majeneza au ofisi ya wakili, tafuta herufi nyingine.

Anza na umbali. Kwa kila mita 3 kati ya bango na msomaji, herufi kubwa ipate sentimita 2.5 za kimo. Abiria wa basi aliye mita 30 anahitaji sentimita 25. Hapo ndipo wengi hukwama, maana unene hula upana: kwa kimo hicho tenga kama sentimita 20 kwa kila herufi ndogo, na 30 au zaidi kwa m na w. Neno "Mwangaza" peke yake linakaribia sentimita 185. Kwenye ubao wa 244 kwa 122 linakaa vizuri, lakini "Saluni Mwangaza" kwa mstari mmoja haiingii, na kuzibana herufi ili ziingie ni kuharibu kazi. Weka "Saluni" juu kwa herufi nyembamba za kawaida, na chini ya jina acha nafasi ya mkia wa g.

Namba ya simu usiiandike kwa Cooper Black kamwe. Ukiwa mbali, 3, 6, 8 na 9 hufanana, na mteja atampigia mtu mwingine. Jina nalo usiliandike lote kwa herufi kubwa: uchangamfu wa fonti hii uko kwenye herufi ndogo, na zikiondoka kinabaki kizuizi kizito tu.

Tatizo kubwa kwa Kiswahili ni a. Maneno yetu yamejaa a, na katika fonti hii tumbo la a lina tundu dogo sana. Brashi ikibeba rangi nyingi, tundu linazibika na a inageuka doa. Kwa hiyo, kwenye karatasi ya kunakilia, panua tundu hilo milimita 3 hadi 5 kila upande, kisha fanya vivyo hivyo kwa e. Toboa matundu madogo kufuata mstari wa herufi, bandika karatasi ubaoni, pigapiga kwa kitambaa chenye unga wa makala (mkaa). Ukiibandua, nukta zimebaki. Paka kwanza ukingo wa tundu kwa brashi nyembamba, kisha ukingo wa nje, mwisho ujaze katikati.

Angalia pia chini ya herufi. Vitako vya Cooper Black ni vya mviringo, havilali kwenye mstari kama matofali. Ukivinyoosha kwa rula ili "vikae sawa", o na a zitaonekana ndogo kuliko jirani zake. Ziache zivuke mstari kidogo, juu na chini. Na tundu la o limeinama kushoto; usilisimamishe.

Kivuli kinapendwa sana, nacho kinaruhusiwa: upande mmoja tu, na kisiingie ndani ya matundu. Ukikitaka, ongeza kwanza nafasi kati ya herufi, la sivyo kivuli cha m kitapanda juu ya w. Nyeusi juu ya njano inasomeka mbali kuliko nyekundu juu ya buluu.

Ubao wa bati ukwanguliwe kutu, uoshwe kwa sabuni, upakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Wakati wa kiangazi paka asubuhi mapema, kabla upepo haujainua vumbi jekundu, kwa sababu likinata kwenye rangi mbichi halitoki. Kabla ya kusaini, vuka barabara, fumba macho nusu: herufi itakayogeuka doa ndiyo ya kurekebishwa, na mara nyingi itakuwa a.