Kabla Hujanunua Chupa ya Dawa ya Magoti

Mtu akishajua kwamba nilikuwa muuguzi, haniulizi tena habari za wajukuu. Anafungua mkoba, anatoa chupa. "Mama, hii inaongeza ute wa magoti, nimeambiwa wiki mbili tu nitakuwa nakimbia." Chupa yenyewe mara ina picha ya goti linalowaka moto, mara ya Mzungu mzee anacheza tenisi, na bei yake inalingana na kitoweo cha mwezi mzima. Mimi pia magoti yangu yamesagika, la kushoto zaidi, na naishi hapa Tanga bila mpango wa kuhama. Kwa hiyo ninayoeleza hapa ndiyo ninayoyafanya nyumbani, na mengine ni yale niliyokuwa nikiwaambia wagonjwa kwa miaka mingi bila kusikilizwa.

Kwanza jua unaumwa nini, maana maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Goti lililosagika ni lile ambalo gegedu, yaani tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika. Linauma ukitembea au ukishuka ngazi, ukikaa linatulia, na asubuhi linakaza dakika chache kisha linaachia. Baridi yabisi ni kitu kingine kabisa: kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Mara nyingi huanzia vidole na viganja vya mikono yote miwili, na ukiamka hata kufunga kifungo cha gauni ni kazi, na kukaza huko kunazidi nusu saa, pengine saa nzima. Jongo nalo linakuja usiku kwenye dole gumba la mguu, limevimba jekundu, hata shuka likigusa unapiga ukelele. Hapo asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, ikatengeneza chembe kali ndani ya kiungo.

Nasisitiza kwa sababu chakula kinachomsaidia mmoja kinamwamshia mwingine maumivu. Dagaa na vibua wana mafuta ya omega-3, na mwenye baridi yabisi nitamwambia ale bila kuhesabu. Mwenye jongo nitamwambia awaache dagaa, pamoja na maini, figo, bia na soda, na nyama choma iwe ya sikukuu. Halafu mwenye baridi yabisi asipoteze mwaka kwa tangawizi. Ugonjwa huo unapinda vidole, na vikishapinda havirudi. Hospitali kuna dawa za kuuzuia, kama methotreksati, na zinasaidia zaidi zikianzwa mapema.

Na kuna ambao sitaki wakae nyumbani hata siku moja: aliyevimba kiungo kimoja ghafla, cha moto, akiwa na homa. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Mtoto aliyeumwa koo, kisha siku za baadaye leo anauma goti, kesho kifundo cha mguu, naye apelekwe, maana ugonjwa huo unaweza kuishia kwenye moyo. Na mtoto anayelia viungo mara kwa mara apimwe selimundu (sikoseli) kabla hajapakwa mafuta ya aina yoyote.

Sasa chupa. Ninayoiogopa kuliko zote ni ile isiyo na maandishi, au unga wa kwenye karatasi, unaofanya kazi upesi mno. Mtu alikuwa anajikokota, siku ya tatu anacheza ngoma. Mitishamba haina haraka hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kuhusu bidhaa za viungo zenye jina la Artri King: ziliuzwa kama virutubisho, maabara ikakuta ndani deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Deksamethasoni ukiitumia muda mrefu uso unajaa kama mwezi, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofu. Diklofenaki inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo. Ukiona uso umeanza kuvimba na hujui unakunywa nini, usiache ghafla pia, maana mwili umeshazoea na unaweza kuanguka. Nenda hospitali na dawa yenyewe mkononi. Kwa hapa Tanzania, dawa ya asili ya halali imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akianza kukusimulia habari za babu yake, rudisha pesa yako mfukoni.

Glukosamini na kondroitini, ambazo ndizo zimo kwenye chupa nyingi za maduka ya dawa, hazina ubaya huo. Tatizo lake ni kwamba zinaahidi sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wenye wagonjwa zaidi ya 1,500 wa magoti, ulikuta kwamba kwa jumla hazikuzidi kidonge kisicho na dawa. Wapo wanaoapa kuwa zimewasaidia, nami sibishani nao. Ila kama unataka kujaribu, tumia miligramu 1,500 za glukosamini kwa siku, miezi mitatu, na kama hakuna badiliko acha, usinunue chupa ya nne kwa ajili ya matumaini. Anayedhurika na kamba au kaa aulize kwanza, maana nyingi hutengenezwa kwa magamba ya viumbe hao. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse bila daktari.

Manjano ndiyo watu wanaipenda zaidi, na mimi pia. Lakini tuhesabu. Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni kama gramu tatu, na kurkumini, ile dawa yenyewe iliyomo, haifiki miligramu mia moja humo. Tafiti zilizoona nafuu ya magoti zilitumia mara tano, mara kumi ya hapo, tena iliyokamuliwa. Kwa hiyo manjano ya jikoni ni chakula kizuri, usiitarajie ifanye kazi ya kidonge. Kinachoisaidia kuingia mwilini ni mafuta na pilipili manga, na ukitazama vizuri mchuzi wa samaki wa huku kwetu, wenye tui, manjano na pilipili manga, umeshakamilika bila ya mtaalamu wa lishe. Kukoroga manjano kwenye maji matupu na kuyameza ukikunja uso ni kujitesa bure.

Vidonge vya kurkumini vyenye nguvu ni habari nyingine. Vinaweza kufanya damu isigande upesi, havimfai mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, na wapo watu vimewaumiza ini. Ukiona macho yamekuwa ya njano au mkojo mweusi kama koka, acha mara moja na uende kupimwa.

Tangawizi nainywa kila jioni: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nakiponda kwenye kinu, nachemsha dakika kumi, nachuja. Nafuu yake ni ndogo lakini ipo. Ukitia sukari vijiko vinne umeharibu shughuli, kwa sababu uzito ni adui wa goti, na mwenye kiungulia aipunguze. Mlonge na unga wa ubuyu kula ukipenda, ni chakula. Kwamba vinarudisha gegedu, hilo ni la wauzaji.

Mafuta ya kuchulia yana nafasi yake. Ya karafuu, yale yanayokamuliwa kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kule Pemba, yanatia ganzi kidogo na kupasha moto, lakini yakipakwa matupu yanababua ngozi. Matone matatu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha. Chua kwa kuzunguka goti, usilikandamize kifuniko chake, na ukimaliza nawa mikono kabla hujagusa jicho. Pilipili kichaa ya kusaga usiipake hata kama jirani amesema. Ni kweli kuna krimu ya maduka ya dawa iliyotengenezwa kwa nguvu ya pilipili na inasaidia, lakini imepimwa. Ya kwenye kinu haijapimwa na mtu, na vidonda vyake nimevifunga mwenyewe. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu cha dukani, nunua jeli ya diklofenaki ya kupaka. Tumbo linaiona kidogo sana kuliko kidonge.

Kwa kukanda, natumia chumvi ya mawe. Naikaanga kavu kwenye sufuria mpaka ianze kuruka, naimimina kwenye soksi nene ya pamba, nafunga, kisha naizungushia kipande cha kanga kuukuu mara mbili. Jaribu kwanza kwenye mkono upande wa ndani. Dakika kumi na tano hadi ishirini, asubuhi kabla ya shughuli. Joto ni la goti lililokaza. Goti lililovimba na lenye moto wake tayari linataka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, muda uleule. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikande kwa moto kabisa, ataungua bila kujua.

Baada ya kukanda, goti likiwa bado na joto, ndipo inakuja dawa ambayo hakuna anayeiweka kwenye chupa: paja. Msuli wa mbele wa paja ndio unaobeba goti, na ukilegea, mifupa inapokea mzigo wote. Kaa kwenye kiti imara, nyoosha mguu mmoja mpaka unyooke kabisa, hesabu tano taratibu, ushushe polepole. Mara kumi kila mguu. Kisha simama na kukaa kwenye kiti hicho bila kushika chochote, mara tano ukianza. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Goti litauma kidogo na hilo si jambo la kukutisha. Maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, punguza idadi, usiache. Baada ya wiki sita hivi utaona tofauti ambayo manjano hayajawahi kunipa. Na uzito: kila kilo moja unayoipunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Ndiyo maana wali nakula, ila sahani nimebadilisha.

Mwisho ni nyumba yenyewe, na hapa ndipo sisi wanawake wa pwani tunapojimaliza. Mbuzi ya nazi imekaa chini kama kitanda cha paka, unaikalia magoti yamepanda mpaka kifuani, na ukimaliza kukuna huwezi kuinuka bila kuita mtu. Fundi seremala amenitengenezea ya kuweka juu ya meza; wapo waliocheka, sasa wanakuja kuiazima. Jiko la mkaa nimelipandisha juu ya matofali. Beseni la kufulia liko juu ya stuli, nami nimekaa kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa tumekiwekea kiti cha mbao chenye tundu, na chuma cha kushikia ukutani, kazi ya siku moja kwa fundi. Kuswali kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mwenye udhuru, na mama yangu mdogo aliyekuwa anaona haya alipomuuliza shehe wake alijibiwa hivyohivyo.

Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Goti la kushoto, fimbo kulia. Watu wengi huishika kinyume. Kwenye ngazi na kwenye daladala, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza ule unaouma. Konda akikuambia fanya haraka bibi, shuka vilevile ulivyopanga, yeye aendelee kupiga mlango.