Kabla Hujaanza Kujifunza Matamshi ya Kiingereza: Mambo ya Kuandaa Mapema

Kila mwaka, kati ya Septemba na Januari, nyumba nyingi hapa Tabora huwa na mtoto aliyemaliza darasa la saba na sasa anasubiri kidato cha kwanza. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya mengi. Januari ikifika, karibu kila mwalimu atakayeingia darasani atafundisha kwa Kiingereza. Wazazi wengi hutumia miezi hiyo kununua vitabu vya sarufi. Mimi ninayefundisha lugha hiyo naomba masikio yatangulie, kisha sarufi ifuate. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu pia mtu mzima anayeanza upya.

Kwanza weka sawa matarajio yako. Kiswahili kimetudekeza. Kina irabu tano, na a ni a popote utakapoikuta, ndiyo maana mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma gazeti zima, hata maneno asiyoyajua maana. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44 katika lafudhi ya kusini mwa Uingereza, na kati ya hizo karibu 20 ni irabu. Herufi a, e, i, o na u zimebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ukiingia na mazoea ya Kiswahili, utasoma "knife" kama kinife, na hutajua umekosea wapi, kwa sababu umefuata kila herufi kwa uaminifu.

Herufi hizo za ajabu zina historia yake. Zamani Waingereza waliitamka k ya "knife". Gh ya "night" ilikuwa sauti iliyokaribia kh ya kheri, na e ya mwisho katika "cake" ilisikika. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, wakati irabu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mabadiliko marefu yaliyoanza karibu mwaka 1400 na kuendelea hadi karibu 1700. Maandishi yakaanza kuganda, midomo ikaendelea kubadilika. Herufi nyingine zilichomekwa na wasomi: b ya "debt" iliongezwa ili neno lifanane na debitum la Kilatini. Nimeona wanafunzi wakipata nafuu wanapoelezwa haya, maana wengi huamini kwamba wao ndio wazito wa kuelewa.

Sasa andaa daftari. Usianze kuandika Kiingereza humo. Andika kwanza maneno ya Kiswahili tuliyoyachukua kutoka Kiingereza, maana waliotuletea maneno hayo waliyaandika kwa sikio. Andika keki, geti, tepu, kisha mbele yake "cake", "gate", "tape". Utaona mwenyewe kwamba e ya mwisho haitamkwi, lakini inaivuta a ielekee e. Andika faili na laini, halafu "file" na "line": e ileile ya mwisho imeigeuza i kuwa ai. Ofisi, penseli na sinema zinakuonyesha kwamba c ikifuatwa na e au i husomeka s, na kadi na kompyuta zinakuonyesha kwamba ikifuatwa na a au o husomeka k. Nenda hata stesheni yetu ya reli, ambayo treni zimekuwa zikiifikia tangu 1912. Neno lenyewe, "station", linakufundisha kusoma "nation" na "education", kwa kuwa -tion husikika karibu na sheni. Kanuni hizi zina maneno yanayozikataa, na hayo utayakuta baadaye. Mwanzo, zinatosha kukupa pa kushika.

Daftari hilo linahitaji tahadhari moja. Silabi zetu hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo tulipoyapokea maneno hayo tuliyaongezea mkia. "Cake" linaishia kwenye k. Ukisema keki mbele ya Mwingereza, mkia huo ndio atakaousikia kwanza. Tena e ya "cake" huanza kama e yetu kisha huteleza kidogo kuelekea i. Jizoeze kukata mkia kabla ya jambo lingine lolote la kinywa.

Kuna akiba nyingine ambayo huku kwetu tunaidharau. Watoto wengi huambiwa Kinyamwezi kitawaharibia Kiingereza, nami siafiki. Kinyamwezi kina irabu saba, na hutofautisha irabu fupi na ndefu. Irabu hizo si zilezile za Kiingereza, lakini sikio lililozoea kutenganisha irabu zinazokaribiana lina kazi nyepesi kidogo linapokutana na "ship" na "sheep", au "full" na "fool", jozi ambazo Kiswahili peke yake hakikuandai kuzisikia. Kama una bibi Sikonge au Uyui, likizo hii kaa naye, zungumza naye, msikilize kwa makini. Pale Kinyamwezi kinapokuchanganya ni kwenye l na r. Jipime kwa Kiswahili kwanza: mahali na mahari, kula na kura. Kama hapo bado unateleza, "light" na "right" zitakusumbua. Vilevile thamani isiwe samani mdomoni mwako, maana th hiyohiyo ndiyo itakayotenganisha "think" na "sink".

Mkazo nao unataka kuandaliwa. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hatuuwazi tena. Kwa Kiingereza unahama, na silabi zisizo na mkazo hufifia. Tamka "banana": a ya katikati pekee ndiyo inayosikika kamili.

Kamusi utakayonunua iwe na alama za matamshi. Fungua ukurasa mmoja dukani uhakikishe. Alama hizo zilianzia kwa chama cha walimu wa lugha kilichoundwa Paris mwaka 1886, na huna haja ya kuzikariri zote. Anza na za irabu. Halafu chagua lafudhi moja ya kuifuata, ya Uingereza au ya Marekani. Wamarekani wengi huitamka r ya "car", na kusini mwa Uingereza haisikiki. Usichanganye mwezi wa kwanza.

Mwisho, tafuta simu yenye kinasa sauti. Kabla ya somo la kwanza, soma kwa sauti aya moja ya Kiingereza, polepole, kama unavyojua sasa, bila kusaidiwa na mtu. Ihifadhi. Mwezi Machi soma tena aya hiyohiyo, kisha sikiliza zote mbili ukiwa na penseli mkononi.