Namna ya kuwaeleza wabanguaji hatari ya mafuta ya ganda la korosho

Kwa wasimamizi wa vikundi na viwanda vidogo vya kubangua, Mtwara na Lindi. Bango la "Vaa glavu" pekee halisaidii, kwa kuwa adui mwenyewe haonekani.

Hatua ya 1: Mwoneshe adui. Kata korosho ghafi moja, kisha minya ganda kwa koleo juu ya karatasi nyeupe. Doa litakalobaki ndilo linalobabua vidole. Mafuta hayo hukaa kati ya tabaka mbili za ganda. Habari za asidi na kemia ziache. Sema "mafuta ya ganda", Newala nzima itakuelewa.

Hatua ya 2: Fuata safari yake. Mafuta yanatoka kidoleni, yanafika kwenye kope, kwenye kanga, kisha kwa mtoto anayenyonya. Hapa usiharakishe. Malengelenge ya mzio huweza kutokea siku moja au mbili baadaye, ndiyo maana lawama huangukia sabuni mpya au samaki wa jana. Hata aliyebangua misimu mitatu salama anaweza kuanza kuwashwa msimu wa nne. Moshi wa maganda yanayochomwa nao huwasha macho na koo.

Hatua ya 3: Kinga. Kabla ya kazi, apake mikono mafuta ya nyonyo au ya kupikia, au majivu makavu, na arudie kila yanapoisha. Maji matupu hayatoi mafuta ya ganda: afute kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo asugue kwa sabuni, kabla ya kula, kunyonyesha na kwenda chooni (hili la chooni husahaulika sana). Glavu iliyotoboka itupwe, kwani mafuta yakishaingia hubanwa kwenye ngozi. Na anayelipwa kwa kilo ataivua hata iliyo nzima ikimchelewesha. Basi lipia dakika za mafunzo na za kunawa, la sivyo utamaliza mate bure. Mafunzo haya, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, ni wajibu wa mwajiri.

Hatua ya 4: Pima. Ukiuliza "Mmeelewa?" wataitikia "Ndiyo" wote. Sema: "Mama, hebu mwoneshe mwenzio unavyonawa." Wazee wasiozoea Kiswahili waelezwe na mbanguaji mzoefu kwa Kimakonde au Kimwera.

Hatua ya 5: Aliyebabuka apelekwe zahanati, kisha ahamishiwe kupanga korosho zilizobanguliwa kwa madaraja bila kupunguziwa ujira. Ukimkata, kesho wenzake wataficha vidole.