Somo: Kuitambua Hibiscus schizopetalus kwa kikonyo na kikombe, na kuizalisha bila kuichanganya

Haibiskasi hii ni ya kwetu. Asili yake ni misitu ya ukanda wa pwani, kusini-mashariki mwa Kenya na mashariki mwa Tanzania, ilhali ile inayopandwa nyua hadi nyua, Hibiscus rosa-sinensis, ilitoka nje ya Afrika. Jina schizopetalus limeundwa kwa Kigiriki na maana yake ni petali zilizopasuka. Mwanzoni wataalamu waliihesabu kuwa aina tu ya rosa-sinensis. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Joseph Hooker, ndiye aliyeipa hadhi ya spishi, mwaka 1880. Kwenye vitalu vya miche mkanganyiko ungalipo: machotara ya mimea hii miwili yanauzwa kwa jina la schizopetalus, na mnunuzi huja kugundua mti ukishachanua.

Chanzo cha kosa ni kutazama rangi. Ua lake huwa la rangi ya waridi au jekundu, na rosa-sinensis nayo ina maua ya rangi hizohizo. Kwa hiyo rangi iacheni. Jibu liko kwenye kikonyo na kitako cha ua.

Andaa ua moja lililofunguka asubuhi hiyohiyo, wembe mpya, rula yenye milimita, kioo cha kukuza mara 10 na karatasi nyeupe. Lichume baada ya hatua ya 1, kabla ya saa 4 asubuhi, maana ua halidumu: jioni huwa limeanza kulegea, na petali zilizonyauka hazipimiki.

Hatua ya 1: Kikonyo. Pima lingali mtini. Kikonyo cha schizopetalus ni chembamba, kina sentimita 8 hadi 14, na ua linaning'inia kichwa chini kama taa ya dari. Pitisha ukucha taratibu: karibu na katikati utakuta kiungo, kama pete ndogo. Kikumbuke, kitarudi kwenye maswali. Kikonyo cha rosa-sinensis ni kifupi zaidi, na ua lake kwa kawaida hutazama upande.

Hatua ya 2: Vijani vya chini ya kikombe. Hapa msiwe na haraka. Haibiskasi nyingi zina vikombe viwili: kikombe chenyewe cha sepali (vijani vinavyofunika kitumba), na chini yake duara la vijani vidogo, yaani kikombe cha nje. Kwa rosa-sinensis vijani hivyo ni 6 au 7, vina urefu wa milimita 8 hadi 15, na unaviona ukiwa umesimama. Kwa schizopetalus ni 5, na urefu wake ni milimita 1 hadi 2 tu, vyenye nywele pembezoni. Wengi husema "hakuna kitu hapa" na kupita. Weka kitako cha ua juu ya karatasi nyeupe, tumia kioo, hesabu. Ukikuta vya milimita 4 au 5, una kila sababu ya kushuku chotara, hata kama petali zimechanika vizuri namna gani.

Hatua ya 3: Kikombe. Ni bomba jembamba la takriban sentimita 1.5, lenye meno mafupi 5, na mara nyingi hupasuka upande mmoja ua linapofunguka. Mpasuko huo si ugonjwa.

Hatua ya 4: Petali. Ni 5, kila moja takriban sentimita 5, zimechanika ndani sana, na vipande navyo vimechanika tena, kisha zote zimejikunja nyuma kuelekea kikonyo. Angalia zote tano. Machotara hutoa michaniko mifupi pembezoni tu, au petali zisizojikunja kikamilifu.

Hatua ya 5: Mnara wa stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Huu ndio unaoning'inia kuliko vyote, sentimita 9 hadi 10. Nyuzi za stameni zimeungana kuwa bomba. Chavulio, yaani vifuko vya chavua, ziko kuelekea ncha, na ndani ya bomba unapita uzi wa kike (staili) unaotoka na matawi 5 ya stigma, sehemu inayopokea chavua. Pasua bomba kwa wembe kwa urefu uone. Muundo huu ndio alama ya ukoo wa Malvaceae. Chukua ua la bamia au la pamba ulipasue kando yake, utauona uleule. Sasa kata ovari kwa mkato wa mlalo: vyumba 5. Ukifungua kitako cha kikombe kwa ndani utakuta unyevu mtamu. Hiyo ndiyo nekta inayomleta ndege chozi, na anapoifuata chavua humgusa.

Kuzalisha kwa vipandikizi

Tumia vipandikizi, kwa sababu mche wa kipandikizi ni nakala kamili ya mama uliyempima.

Kata tawi lililoanza kukomaa: gome limegeuka kutoka kijani kuelekea kahawia, lakini tawi bado linapinda kidogo bila kuvunjika. Tawi bichi huoza. Gumu kabisa huchelewa mno. Urefu uwe sentimita 12 hadi 15, wenye vifundo 3 au 4, na ukate milimita 5 chini ya kifundo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, nayo yakate nusu. Ondoa na vitumba. Kikibaki kimoja kitakula nguvu ya mizizi. Changanya mchanga mnene wa mtoni sehemu 2 na chenga za makumbi ya nazi zilizooshwa sehemu 1. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Chomeka vifundo viwili ndani, mwagilia mara moja, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini. Fungua dakika chache kila siku. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Usivute kukagua, subiri mizizi ionekane kwenye matundu ya chini.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niko Unguja, shamba ni la mawe ya matumbawe. Majani machanga yanakuwa manjano lakini mishipa inabaki kijani. Niongeze mbolea?

Marahaba. Hapana, usiongeze kwanza. Matumbawe ni chokaa, na chokaa hufunga madini ya chuma ardhini; mti unayakosa ingawa yapo. Majani machanga ndiyo huanza. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, jaza mboji na udongo mwekundu, kisha pulizia majani chuma cha aina ya kileti (kilichofungwa kisinaswe na chokaa) kwa kipimo cha kwenye pakiti. Mbolea ya DAP nayo iache: fosforasi yake nyingi huzidisha tatizo hilohilo. Yakianza kuwa manjano majani ya zamani, jani zima, hilo ni jingine. Tazama maji na naitrojeni.

Vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka. Ni wadudu?

Huenda. Kitumba huachia pale kwenye kiungo cha kikonyo nilichotaja hatua ya 1, na huachia mti ukipata shida yoyote. Pasua vitumba vitano vilivyoanguka. Ukiona vijidudu vyembamba vinavyokimbia, ni thripsi: okota vitumba vyote vilivyoanguka uvichome. Vikiwa safi, tatizo ni maji. Chungu kilichokauka kabisa mchana mmoja tu kinatosha kuangusha vitumba, na kukihamisha kutoka kivulini kwenda juani vilevile.

Mbegu je, haziwezi kutumika?

Zinaweza, lakini schizopetalus huzaana na rosa-sinensis kwa urahisi. Kukiwa na uzio wa rosa-sinensis jirani, huna uhakika na baba. Funga kitumba kwa mfuko wa neti jioni ya kabla ya kufunguka. Asubuhi paka stigma zote 5 chavua ya mti mwingine uliopita hatua zote tano, kisha funga tena hadi ua linyauke. Likishika, utapata tunda refu la takriban sentimita 4. Kwaruza mbegu kwa msasa, loweka saa 12, ndipo upande.

Kikombe chake kinafaa kwa juisi kama choya?

La, dada. Choya ni Hibiscus sabdariffa, ambayo kikombe chake hunenepa na kuwa chekundu baada ya ua kuanguka. Kikombe cha hii hubaki chembamba, hakina nyama ya kukamua.