Kubadilisha krosi za propela ya pikapu ukiwa nyumbani

Krosi ni kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Iliyochakaa hujitangaza mapema: ukitoka rivasi kuingia gia ya kwanza husikika kishindo kimoja kikavu chini ya gari, mwendo wa pole huambatana na mlio mwembamba kama wa kifaranga, na barabara kuu sakafu hutetemeka. Ili kuhakikisha, zima gari, ingia chini, shika propela kwa mkono mmoja na uma (kipande chenye masikio mawili yanayoshika krosi) wa upande wa difu kwa mkono mwingine, kisha uvizungushe kinyume. Kukiwa na mchezo wowote kati yake, krosi imekwisha. Maelezo haya yanafuata pikapu kama Toyota Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma.

Egesha mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki na uliweke gari juu ya stendi imara. Propela ikishatoka gia haizuii tena gari lisibingirike, na kwa Land Rover za zamani, ambazo handibreki yake hukamata propela yenyewe, handibreki nayo haisaidii.

Kabla ya kulegeza nati, chora alama za rangi kwenye flenji zote mbili (sahani za chuma zinazofungwa pamoja kwa nati), na pia pale vipande viwili vya propela vinapoingiliana, kwa sababu ikirudishwa tofauti na ilivyokuwa italeta mtetemo mpya. Kama ncha ya mbele huchomolewa kwenye giaboksi, weka beseni la kukinga oili.

Safisha masikio ya uma kwa brashi ya waya, yapulizie mafuta ya kulainisha kutu, kisha utoe saklipu zote, yaani vibanio vya chuma vinavyozuia vikombe vya krosi visitoke. Kwenye jiliwa, tumia soketi ndogo kuliko kikombe cha krosi (kifuniko chenye sindano za beringi kinachovaa ncha ya kila mkono wa krosi) kusukuma upande mmoja, na soketi kubwa upande wa pili ili ikipokee kikombe kinachotoka. Usibane bomba la propela, maana ni jembamba na likibonyea haliponi. Vikombe vya zamani vikitoka utaona grisi imegeuka unga mwekundu, na mikono ya krosi ina mistari iliyochimbwa na sindano za beringi.

Nenda dukani na krosi ya zamani mkononi, upime urefu na unene wa kikombe. Sehemu inayohitaji subira kuliko zote ni kuingiza mpya. Panga sindano ndani ya grisi ukutani mwa kikombe, elekeza nipo (chuchu ya kuingizia grisi) mahali pampu itakapofika, na uinue krosi iwe ndani ya kikombe muda wote unapokisukuma. Kikombe kikigoma huku mfereji wa saklipu ukiwa umefichika nusu, usiongeze nguvu: kitoe, nawe utakuta sindano moja imelala chini kabisa. Anayeendelea kugonga huipasua, na krosi mpya huharibika kabla gari halijatoka uani.

Saklipu za pande mbili ziwe na unene sawa. Gonga masikio ya uma taratibu kwa nyundo ya shaba hadi krosi icheze kila upande kwa ulaini bila kulegea. Rudisha propela kwa kufuata alama, kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, halafu pampu grisi mpaka ichungulie kwenye sili zote nne.