Nyumba Mwanza: ulipe mtu aikague au macho yako yanatosha?

Huku kwetu ni nadra kupata mtu ambaye kazi yake ni kukagua nyumba tu, ukitaka unamtafuta injinia wa ujenzi au fundi mzoefu, na ndo maana wengi wanajiuliza nimlipe wa nini wakati nyumba naiona. Jibu langu, inategemea inauzwa wapi.

Nyumba ya tambarare, Buhongwa au Kisesa, haijapigwa plasta, tofali na linta zote ziko wazi, nenda tu na mjomba anayejua ujenzi. Ila ya mlimani, Isamilo au Igogo, mie sinunui bila mtu wa kulipwa. Haya mawe yetu mazuri kwenye picha ndo balaa lenyewe, unakuta msingi upande mmoja umekalia mwamba upande wa pili udongo wa kujaza, udongo unashuka mwamba haushuki, ukuta unapasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha. Rangi mbichi nyumba nzima? Uliza nyufa zilikuwa wapi. Alafu choo, kwenye mwamba shimo halichimbiki likaenda chini, kwa hiyo ulizia lina futi ngapi na linanyonywa mara ngapi, na lile jiwe kubwa la juu ya nyumba muangalie chini yake limeshikiliwa na nini.

Kando ya ziwa kachukue tepu kwanza. Sheria ya mazingira ya 2004 haitaki ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 toka ukingoni, na waliokuwepo 2020 na 2024 waliona ziwa lilivyopanda likafuata watu majumbani.

Nenda wakati wa mvua kama unaweza. Jirani na mto Mirongo ongea na wapangaji, watakuonyesha maji yalifika wapi ukutani.

Mkaguzi umtafute mwenyewe, sio wa dalali. Mkubaliane kabisa atapanda darini kuangalia kenchi na mchwa na atakuandikia alichokiona. Mthamini ni mwingine, yeye anakupa bei. Na hati wala usimuulize fundi, hiyo unaitafutia ofisi ya ardhi.

Mkaguzi wangu mimi, tulienda naye nyumba moja Nyegezi, akaanza kumwaga maji chooni ndoo kwa ndoo, ya tatu ikarudi juu, dalali akakumbuka ana simu ya kupiga nje.